Kibati cha mwezi

Unguja

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima, nataraji na nyinyi nyote hamjambo.

Unaikumbuka mashine ya bibi ya kusagia nyama, ile ya chuma tuliyokuwa tukigombania kuzungusha mpini wake? Juzi nimeitoa uvunguni nitengeneze biskuti za Idi. Kutu ilikuwa imeshika pete ya mbele tu. Nikasugua kwa mchanga na ndimu, nikaikausha vizuri, nikaipaka mafuta. Ubavuni imeandikwa Porkert, namba 8. Kumbe zikitengenezwa Chekoslovakia, na Wajerumani mpaka leo hutumia mashine za namna hii kutolea biskuti zao za Krismasi, wanaziita Spritzgebäck. Sisi na Idi yetu, wao na Krismasi yao, mashine moja!

Sasa nicheke. Siku ya kwanza nilisahau kutoa kisu. Unga ukasagwa kama nyama, siagi ikapata joto, kilichotoka hata jina sina. Bibi, kumbuka, alikuwa akitoa kisu na kibati cha matundu, anatia kile kirefu chenye maumbo, anakisukuma huku na huku mpaka umbo analolitaka likae mdomoni. Nilipofanya hivyo mkanda ulitoka mrefu, umejaa mistari mgongoni. Mwanangu anazungusha, mimi napokea kwa sinia na kukata kila vidole vitatu.

Kipimo changu: unga wa ngano nusu kilo, siagi robo, sukari ya kusaga gramu 200, mayai mawili, hiliki na vanila. Beking pauda nusu kijiko cha chai, usizidishe, maana zikifura mistari yote inapotea. Donge nililaza kwenye friji nusu saa, kisha oveni digrii 180, kama dakika 12 hivi, kingo zikianza tu kupiga wekundu natoa. Sinia moja nilijitia kuoka kwa makaa kama bibi, mengi juu ya kifuniko na machache chini. Machache yangu hayakuwa machache. Kuku wamekula.

Na lile bomba la plastiki la kutolea biskuti unalotaka kununua, liache. Langu lilivunjika mpini kabla unga haujafika nusu.

Biskuti za umbo la mwezi nimekata kwa gilasi: unakata duara, unasogeza gilasi kidogo, unakata tena, mwezi unabaki pembeni. Unapendeza, ila ncha zinakatika kila nikiunyanyua. Kibati cha bibi cha kukatia mwezi kiko kwako Dar tangu harusi ya mdogo wako. Usinikatalie, nimekiona kwenye picha uliyonitumia, kimejificha nyuma ya birika. Mpe yeyote anayepanda boti kabla ya mwezi 27 Ramadhani, nami nitamrudisha na kopo lako limejaa.

Wasalimie wote,

Shoga yako