Maneno ya wadudu, ukiwa na panzi mkononi

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na pole kwa ule ufunguo wa utambuzi, yaani mwongozo wa maswali ya hatua kwa hatua wa kumtambua mdudu, uliokutoa jasho. Unasema umekwama hatua ya tatu kwa sababu kila mstari una maneno matatu usiyoyajua. Usiyakariri kwa orodha, yatakutoka kabla ya wiki kwisha. Tafuta panzi mkubwa aliyekufa, lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 na sindano ya kumgeuzia, kisha usome barua hii huku unamtazama.

Kichwa kiache kwanza. Anza na kifua, maana ndicho chenye maneno yanayotisha. Kina pingili tatu, na kila pingili ina jozi moja ya miguu: prothoraksi mbele, mesothoraksi katikati, metathoraksi nyuma. Mabawa huota kwenye hizo mbili za mwisho tu. Kila pingili imefunikwa na mabamba magumu: la mgongoni ni notumu, la chini ni sternumu, la ubavuni ni pleura. Sasa unganisha pro-, meso- na meta- na kila moja ya hayo, nawe una maneno tisa kwa kujua sita. Ni viambishi na mashina tu. Aliyelelewa na ngeli hawezi kushindwa. Pronotumu, basi, ni bamba la mgongoni la pingili ya mbele: kwa panzi wako ni lile tandiko linaloanzia kisogoni na kushuka mbavuni. Ukifika tumboni, bamba la mgongoni huitwa tergumu.

Shika mguu wa nyuma. Kipande kifupi kilichoungana na mwili ni koksa, kinachofuata ni trokanta (kidogo sana, wengi hukiruka), halafu femuri, yaani paja lililonona, halafu tibia, yaani muundi wenye miiba, na mwisho tarso yenye kucha. Tarso yenyewe ina pingili zake, na idadi yake ndiyo ufunguo unayokuuliza. Panzi wenye vipapasio vifupi wana pingili tatu, senene na jamaa zake wenye vipapasio virefu wana nne. Usihesabu kucha kama pingili. Kosa hilo humpeleka mtu kwenye familia nyingine kabisa. Na ukisoma "apikali", ujue ni ncha iliyo mbali na mwili, hata kama mguu umekunjwa na ncha hiyo inaangalia juu. "Basali" ni upande wa shina, pale kiungo kinapoanzia.

Ukiwa bado na panzi huyo, tafuta sikio. Kwa wenye vipapasio vifupi ni kitundu chenye utando, kiitwacho timpanamu, ubavuni mwa pingili ya kwanza ya tumbo. Inua bawa utakiona. Kwa wale wa vipapasio virefu sikio liko kwenye tibia ya mguu wa mbele, chini kidogo ya goti. Kwa hiyo ufunguo ukiuliza habari za timpanamu, jua kwanza uitafute wapi, usije ukaandika "hakuna" kwa kuwa umetazama mahali pasipo pake.

Mabawa ya mbele yana majina kulingana na ugumu wake. Ya panzi, yaliyo kama ngozi, ni tegmina. Ya mbawakavu, yaliyo kama gamba gumu, ni elitra. Ya hemiptera wengi (kundi la kunguni na jamaa zake), kama wale wanaonuka ukiwagusa, ni hemielitra: nusu ya shina ngumu, nusu ya ncha utando. Nzi na mbu wana jozi moja tu ya mabawa. Ya nyuma yamegeuka vijiti vyenye kirungu, halteri, vinavyowapa mizani wakiruka. Ukimwona "nyuki" mwenye halteri, huyo ni nzi aliyejivika mavazi ya nyuki. Majina ya oda, yaani makundi makubwa ya wadudu, yenyewe yanasema habari hizi, kwa kuwa pteron kwa Kigiriki ni bawa: Koleoptera ni mabawa yaliyo ala, kama ala ya jambia, Diptera ni mabawa mawili, Lepidoptera ni mabawa ya magamba (yale magamba ndiyo vumbi linalobaki kidoleni ukimshika kipepeo).

Nyuki, nyigu na siafu wana mtego wao. Pingili yao ya kwanza ya tumbo imehamia kifuani na kuganda huko, huitwa propodeumu. Kiuno chembamba unachokiona hakitenganishi kifua na tumbo, kimekata ndani ya tumbo lenyewe. Ndiyo maana vitabu vya kundi hili huacha maneno kifua na tumbo na kusema mesosoma na metasoma. Ukihesabu pingili za tumbo kuanzia kiunoni ukadhani ya kwanza ni namba moja, hesabu yako yote imepungua kwa moja.

Lililo gumu zaidi ni maneno ya ukuaji, na hapo Kiswahili chetu hutusaidia na kutuponza kwa pamoja. Tuna tunutu, kiwavi, buu, funza na kiluwiluwi, ila watu huyachanganya. Tunutu ni nimfa: mtoto wa nzige au panzi anayefanana na mkubwa, ila mabawa yake ni vichipukizi. Kiwavi, buu na kiluwiluwi cha mbu ni lava: hawafanani na wazazi, na lazima wapitie pupa, hatua ya kugeuka kabla ya kuwa wadudu wazima. Funza kwa wengine ni lava wa nzi, kwa wengine ni tekenya anayeingia kidoleni, ambaye ni mdudu mzima, tena jike. Kwenye maandishi ya kitaalamu mimi hulikwepa neno hilo.

Yupo pia panzi mzima mwenye mabawa mafupi, ambaye kila anayeanza humwita tunutu. Tazama vichipukizi: kwa tunutu aliyekaribia kukua, vile vya nyuma hulalia juu ya vile vya mbele. Kwa mkubwa, bawa la mbele ndilo hufunika la nyuma. Urefu hausemi lolote.

Insta ni kipindi kati ya kujivua gamba mara moja na mara inayofuata. Ya kwanza huanza yai linapoanguliwa. Lava wa mbu hupita insta nne. Kwa viwavi usikisie insta kwa urefu wa mwili, maana kiwavi aliyeshiba hurefuka na mwenye njaa husinyaa. Pima upana wa kichwa. Gamba la kichwa ni gumu, halikui mpaka siku ya kujivua, halafu hupanuka ghafla, mara nyingi kama mara 1.4 kwa viwavi. Pima wengi, utaona vipimo vinajikusanya makundi makundi. Kila kundi ni insta.

Pupa nayo si kifukofuko. Kifukofuko ni nyumba ya hariri, pupa ni mdudu aliyemo ndani, na vipepeo wengi hawasuki nyumba yoyote. Kwa nzi wa nyumbani kile kipipa cha kahawia ni puparia: ngozi ya lava wa mwisho iliyokauka ikawa kasha.

Hesabu pia miguu ya kiwavi. Ile ya jozi tatu kifuani ni ya kweli. Ile minene ya tumboni ni miguu bandia. Kiwavi wa nondo au kipepeo ana jozi tano za bandia au pungufu, zenye vikulabu vidogo nyayoni. Ukipata jozi sita au zaidi bila vikulabu, huyo ni lava wa nyigu-msumeno, jamaa wa nyuki. Tofauti hiyo ina gharama shambani: dawa ya bakteria ya Bt aina ya kurstaki huua viwavi wa nondo, lakini nyigu-msumeno wataendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea.

Vikulabu hivyo havionekani kwa kiwavi aliyeoza akawa mweusi. Usimtumbukize mbichi kwenye spiriti. Mtie kwanza katika maji yaliyotoka kuchemka kwa dakika moja hivi, kisha umhamishie alkoholi ya asilimia 70 hadi 80. Lebo ya ndani ya chupa iandike kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka. Mbawakavu mchome pini kwenye elitra ya kulia, karibu na shina, ili upande wa kushoto ubaki mzima wa kusomwa.

Kuhusu swali lako la mabano, kwa nini jina la aliyemwelezea mdudu mara ya kwanza na mwaka wake hufungwa mabano kwa wengine na kwa wengine hapana: Apis mellifera Linnaeus, 1758 hana mabano kwa kuwa bado yumo katika jenasi aliyomweka Linnaeus. Aedes aegypti (Linnaeus, 1762) anayo kwa kuwa Linnaeus alimweka Culex, akahamishwa baadaye. Usiyaongeze wala kuyaondoa kwa kupenda urembo. Na "sp." ni spishi moja usiyoijua, "spp." ni zaidi ya moja.

Ukikwama tena, nitumie namba ya hatua uliyofikia na mchoro wa kiungo kinachoulizwa, hata kama ni wa penseli na umepinda. Picha ya mdudu mzima kutoka juu haitanionyesha tarso.

Wako,
Idi