Kerneli mpya ijaribiwe kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wanaohudumia seva za Linux, yaani Ubuntu na Debian, katika shule na ofisi za Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Kwa mpangilio wa kawaida, GRUB, programu inayoanzisha mashine, huwasha kerneli (kiini cha Linux) mpya kuliko zote. Ikigoma, na wewe uko Dodoma mjini, nauli ni juu yako.

Dawa ipo. Katika /etc/default/grub weka GRUB_DEFAULT=saved, na kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX ongeza panic=30, kisha endesha sudo update-grub. Faili la /boot/grub/grub.cfg usiliguse kwa mkono, maana amri hiyo huliandika upya lote.

Baada ya hapo, tumia grub-set-default kuitaja kerneli unayoiamini, ile inayotajwa na amri ya uname -r ikiwa ndiyo inayotumika sasa. Hapa ndipo wengi wanateleza: wanaandika namba, mathalani "1>2". Namba huhesabiwa kutoka juu ya menyu, hivyo kerneli mpya ikiingia zote zinasogea. Andika vitambulisho kamili, cha menyu ndogo na cha kerneli, vikitenganishwa na alama ya >. Vyote vimo ndani ya grub.cfg na huanza na gnulinux.

Siku ya majaribio, andika sudo grub-reboot 0 (yaani ya kwanza kwenye menyu), halafu sudo reboot. Kerneli mpya itawashwa mara hiyo moja tu. Ikianguka, mashine itajiwasha upya baada ya sekunde 30 na kurudi kwenye ya zamani. Ikiganda kimya, mpigie aliye karibu nayo aizime na kuiwasha. Hahitaji kujua zaidi ya swichi.

Ila kama /boot, folda yenye kerneli na faili za GRUB, imo ndani ya LVM (mfumo wa kugawa diski kwa programu), mbinu hii ni mtego. GRUB haiwezi kuandika humo, kwa hiyo agizo la mara moja halifutiki na kerneli mbovu inarudiwa. Itengee /boot sehemu yake ya diski, yenye mfumo wa faili wa ext4.

Umeme ukikatika, au /boot ikijaa, wakati initramfs (faili la kuanzishia linaloambatana na kerneli) inaandikwa, faili hilo halikamiliki, na ukiwasha kerneli hiyo unaweza kuona "Unable to mount root fs". Washa ya zamani, angalia nafasi kwa df -h /boot, safisha kwa apt autoremove --purge, kisha update-initramfs -c -k na toleo husika, na update-grub.

Kerneli mpya ikishatulia, rudia grub-set-default kwa kitambulisho chake. Ukisahau, siku ile ya zamani itakapofutwa GRUB itarudia kuwasha ya kwanza kwenye menyu bila kukuuliza.

Fundi wa kompyuta,
Area C, Dodoma