Shoga, picha hii si ya Dar

Bagamoyo, Dunda
Ijumaa, baada ya alasiri

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo. Mama anakusalimia sana, goti tu ndilo linalomsumbua siku za mawingu, na yule paka uliyetuachia kazaa tena, sasa wako saba. Vipi Dodoma? Umeshaizoea ile baridi ya asubuhi, au bado unakwenda kazini na kanga juu ya sweta?

Ama baada ya salamu, nimeamua kukuandikia kwa mkono, kwanza kwa sababu nina vitu vya kutia ndani ya bahasha, pili kwa sababu kila nikikupigia mtandao unakatika pale pale penye utamu.

Unakumbuka siku ile unafunga mizigo, ukawaringia shangazi zangu kwamba unakwenda kukaa makao makuu? Nikakwambia hata hapa unapopaacha palikuwa makao makuu. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Sikutania, shoga. Wajerumani walipoishika pwani hii serikali yao ilikaa Bagamoyo, na 1891 ndipo ilipohamia Dar es Salaam. Kicheko chako kiliniuma, nikasema nitatafuta picha za zamani nikutumie ziwe ushahidi. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Huu mwezi wa nne.

Nilianza na za bure. Kuna Mjerumani mmoja, Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Picha zake nyingi ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Ujerumani, na 2008 hifadhi hiyo ilifungua sanduku lake, ikaziweka picha zake nyingi kwenye intaneti kila mtu azione. Za huku kwetu utazijua kwa herufi DOA kwenye namba zake, kifupi cha jina walilotupa wao, Deutsch-Ostafrika. Nilikesha nazo. Ukitaka kujua mtu anavyokesha, muulize mama, ndiye aliyekuwa akinizimia taa.

Lakini kilichonishika kabisa ni postikadi. Picha ya hifadhini imelala tu. Postikadi imesafiri, imeshikwa mikono, imepigwa muhuri, mtu kaandika kwamba anaumwa homa au anakula maembe. Na kadi za mwanzo utazicheka: sheria za posta zilitaka upande wa nyuma uwe wa anwani peke yake, basi mtu akitaka kusema neno analiandika huku huku kwenye picha. Ninayo moja ambayo mwandishi wake kaijaza mbingu yote maandishi ya Kijerumani, mpaka minazi inaonekana kama imefukiwa na wino. Kwa Wajerumani ilikuwa hivyo mpaka 1905, ndipo walipougawa ule upande wa nyuma kwa mstari, nusu anwani, nusu salamu. Kwa hiyo ukiokota kadi ya zamani usikimbilie picha. Igeuze kwanza.

Halafu tazama stempu. Zinafanana, karibu zote zina ile meli ya Kaiser, mfalme wao, ila bei yake ndiyo inayosema. Ikiwa imeandikwa pesa, ni ya zama zile rupia moja ilikuwa na pesa 64. Ikiwa imeandikwa heller, ni 1905 kuja huku, maana 1904 walibadilisha rupia ikawa na heller 100. Heller zimekwenda na wenyewe. Pesa ndiyo hii tunayoililia hadi leo.

Sasa nikuchekeshe, ila usimwambie mtu. Nilinunua kadi ya barabara ya Uhindini kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, binamu yangu wa Ulaya ndiye aliyenilipia, nami nikamrudishia shilingi 80,000 zilizokuwa za vigae vya jikoni. Ilipofika ilikuwa nzuri mno. Pembe zake zote nne zilikuwa kali, haina hata alama ya kidole. Fundi saa wa sokoni akaniazima lenzi yake, nikaiinamia. Shoga, vitone! Vitone vimejipanga safu kama gwaride la Uhuru. Kadi za enzi zile nyingi zilichapwa kwa kioo, ukizikuza unaona chembechembe zilizotawanyika ovyo kama chenga za mchele, hazina safu. Nimeuziwa kopi ya juzi. Vigae bado sina.

Na hizo za rangi nazo zina vituko vyake. Picha ilipigwa nyeusi na nyeupe, rangi ikatiwa hukohuko Ulaya na mtu ambaye hajawahi kukanyaga mchanga wetu. Ninayo kadi ambayo makuti yametiwa rangi nyekundu kama vigae, na pwani yote ni kijani, unaweza kudhani watu wanavua samaki kwenye majani.

Nimepotea njia. Nilitaka kukwambia habari ya Boma.

Ukitafuta picha ya Bagamoyo ilipokuwa makao makuu, kila mtu anakuletea Boma. Lile lile ambalo sehemu yake ilianguka baada ya mvua za El Niño. Kwenye kadi limesimama limenyooka, jeupe, na waongoza wageni wetu wanasimama mbele yake wanasema hapa ndipo Mjerumani alipokuwa akitawala nchi nzima. Na mimi nimewahi kusema hivyo hivyo kwa wanafunzi wangu, Mungu anisamehe. Lakini hesabu mwenyewe: serikali imehama 1891, Boma limejengwa 1897. Miaka sita mji mkuu uko Dar, ndipo Bagamoyo inapata jumba kubwa la kupigia picha. Lilikuwa ofisi ya wilaya. Na postikadi nazo zilipamba moto miaka hiyo hiyo ya mwisho wa karne, kwa hiyo karibu kila kadi yetu ni ya mji ulioachwa. Tumeanza kupigwa picha baada ya kupewa talaka. Wewe unawajua wanawake wa namna hiyo, wanaoanza kupendeza wakishatoka eda.

Na tulipendeza kweli, usidhani najifariji. Mnara wa misheni, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa 1874 kabla ya kuvushwa Unguja, huo kaupiga kila mwenye kamera. Mitaa ya mawe, milango ya nakshi, wapagazi wamekaa na mizigo ya pembe za ndovu. Wapagazi nao chini yao pameandikwa wapagazi, basi. Jumba lina jina, mti una jina, mtu hana.

Sasa nifike kwenye yenyewe, hii niliyoitia kwenye bahasha.

Ni kopi, ya asili bado ninayo mimi kwa sababu nakujua. Ina pwani, jahazi limelala juu ya mchanga limetiwa magadi, ile miti ya kulitegemeza, na foleni ya watu wenye mizigo kichwani wanatoka majini. Chini pameandikwa kwa Kijerumani salamu kutoka Daressalam, neno moja, walivyokuwa wakiliandika. Niliinunua rahisi nikaiweka pembeni, maana Dar siikusanyi. Lakini kila nikipita naitazama. Kitu kinanigonga.

Jumapili nikaichukua nikaenda nayo forodhani, kwa yule babu anayeshona nyavu karibu na soko la samaki, aliyekuwa nahodha. Nikampa shikamoo, nikampa kadi. Kwanza hakuitazama kabisa, akaniuliza mama hajambo, goti je, paka wangapi. Akafuta mikono kwenye shuka. Halafu akaiangalia muda mrefu bila kusema, mpaka nikafikiri haoni vizuri.

Akasema, "Hii bamvua."

Yaani siku zile maji yanapojaa sana na kutoka sana. Nikamuuliza kaijuaje.

"Tazama chombo kilipo, tazama na maji yalipokimbilia. Maji mafu, yale yanayotoka kidogo, hayatoki hivi."

Nikamwambia, sawa babu, lakini imeandikwa Dar es Salaam. Akacheka kama wewe ulivyocheka siku ile.

"Nani kaandika?"

Nikamwambia waliochapa.

"Hao walikuja na chombo gani?"

Nikambishia kidogo, unanijua. Nikasema hata Dar majahazi yanapwelewa, pale Magogoni maji yakitoka si vyombo vinakaa mchangani? Akakubali. Vinakaa. Kisha akaweka kidole juu ya kadi, ule upande ambao mpiga picha hakuushughulikia, nyuma kabisa ambako bahari inakutana na mbingu. Akaniuliza, "Ng'ambo iko wapi?"

Nikainyamazia ile kadi. Shoga, ng'ambo haipo! Ukisimama bandari ya Dar, popote utakaposimama, mbele yako iko Kigamboni na minazi yake, bandari yenyewe ni kama mfuko, ina mdomo mwembamba na ndani imetulia. Kwenye kadi hii baada ya jahazi ni maji, na baada ya maji ni maji, mpaka mwisho wa karatasi. Na wale watu wa mizigo wako mbali na nchi kavu, mbali mno, na maji bado yako magotini. Babu akasema meli kubwa ilikuwa haithubutu kusogea huku, inatia nanga kule nje, mizigo inashushwa kwenye mashua, mashua nayo ikigota watu wanateremka kuibeba vichwani. Anasema hata yeye kijana kaifanya kazi hiyo, ngozi ya miguu ilikuwa nyeupe kwa chumvi.

Najua utasema si ushahidi wa mahakamani. Huenda ni pwani nyingine, Saadani au Pangani. Lakini pembeni kushoto kuna kipande cha ukuta, na mimi na babu tulitoka na kadi tukaenda kusimama mpaka tukakipata mahali ukuta unapofanana, jirani na lile jengo la zamani la forodha. Wauza samaki wakatuuliza tumepoteza nini. Watoto wakatufuata. Mwisho tulikuwa watu kama ishirini tumekodolea ukuta.

Nikafikiri njia nzima kurudi nyumbani. Kilichonifanya niitilie shaka kadi ile, yale maji yasiyo na kina, ndicho kilichotunyang'anya serikali. Mjerumani alikuwa na meli za moshi, alitaka mahali zinapoingia zikatulia, na hapa haziingii. Hakutuhama kwa chuki, alihama kwa kina cha maji. Halafu mchapaji wake akaja kuchukua picha ya sababu yenyewe akaiandika jina la mji aliohamia. Mimi nimekasirika, halafu nimecheka, halafu nimekasirika tena.

Nyuma ya kopi yako nimeandika "Bagamoyo" kwa penseli, na alama ya kuuliza ndogo. Babu alitaka niifute hiyo alama. Nimekataa, basi mpaka leo kaninunia, ila samaki ananiwekea.

Kadi ile ya mbingu yenye maandishi nimekuwekea pia kopi yake. Usiikunje, na usiitie kwenye droo ya kazini, kule vitu havirudi. Kama kuna mtu ofisini anayesoma Kijerumani mwombe anisomee, mwandiko wenyewe ni wa kizamani, mimi nimeambulia neno moja tu, homa.

Ukija mwezi wa mfungo niletee zabibu za huko, na zawadi ya babu usiisahau, maana nilipomwambia mwenzangu yuko makao makuu ya siku hizi, alinyamaza, akafunga fundo moja la wavu, akafunga la pili, kisha akasema nikikuandikia nikuulize: huko maji yanakupwa saa ngapi?

Nimemwahidi jibu.

Ni mimi shoga yako,
wa makao makuu ya kwanza