Salamu za Krismasi kwa wana Kusini: twende kwanza kwa tuliowakosea

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu zangu wa Masasi, Ndanda, Nachingwea, Newala, Tandahimba, Mikindani hadi Kilwa, nanyi mlioko Dar mnaotafuta tiketi za kurudi nyumbani, nawasalimu kwa furaha ya Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu. Mvua za kwanza zimeshanyesha, minada ya korosho inaelekea ukingoni, na waliojaliwa kulipwa wananunua mabati, wanatenga ada ya Januari, wanawashonea watoto nguo za sikukuu.

Tusifichane, lakini. Msimu huu wa fedha ndio pia msimu wetu wa ugomvi. Mume amepokea malipo ya chama cha msingi, mke aliyepalilia na kuokota tangu asubuhi hajaambiwa hata kiasi. Mjomba amefariki, watoto wake wanasema mikorosho ni ya baba yao, wapwa wanasema ni ya ukoo wa mama. Kila upande una hoja yake, na kila upande una mtu ambaye hajatia mguu kwenye nyumba ya mwenzake tangu arobaini. Jumapili wote wako kanisani, mmoja benchi la mbele, mwingine karibu na mlango, na wakati wa kutakiana amani kila mmoja anajua mkono wa kuukwepa.

Halafu Desemba simu zetu zinajaa ujumbe ule ule: kama nilikukosea kwa kujua au kutojua, naomba unisamehe. Sina shaka wengi huutuma kwa nia njema. Ila yule uliyemsogezea mpaka wa shamba anaupata sawasawa na mwenzako wa kikoba ambaye hamjawahi kukosana. Atajibu nini? Hujamtajia kosa lolote.

Katika Mathayo sura ya 5, Yesu anasema juu ya mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake, ndipo akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaambiwa aiache sadaka pale pale, aende akapatane kwanza, kisha arudi. Waliokuwa wakimsikiliza walikuwa Galilaya, na madhabahu ya sadaka ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Walielewa uzito wa agizo hilo: safari nzima ya kurudi kijijini kwa ajili ya ndugu mmoja. Na katika sura ya 18 aliyekosewa naye anaambiwa aende, wakaseme wawili peke yao. Basi hakuna wa kukaa nyumbani akimsubiri mwenzake aanze.

Zakayo alipompokea Yesu nyumbani kwake alisema kwa hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Sisi tunapenda kuliruka hilo. Tunakwenda kitubio kabla ya mkesha, tunatoka tumepata maondoleo, na gunia la jirani limebaki stoo kwetu. Kanisa halifundishi hivyo. Dhambi imesamehewa, ndiyo, lakini cha mtu kinapaswa kurudi kwa mwenyewe.

Historia yetu wenyewe inatuonyesha jinsi deni la namna hii linavyodumu. Vita vya Maji Maji vilianzia Nandete, huko Matumbi, mkoani Lindi, mwaka 1905, watu walipochoshwa na pamba ya kulazimishwa. Misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, Askofu Cassian Spiss na wenzake wakauawa wakiwa safarini. Wajerumani nao waliteketeza vyakula na mashamba, na njaa ikaua watu wasiohesabika. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda mwenyewe hadi Songea, akakutana na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha. Angeweza kuandika barua akiwa Berlin. Alikwenda. Na bado familia ile inakitafuta kichwa cha babu yao, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani, na Rais huyo akaahidi kusaidia kukitafuta. Wajukuu wamekua, wamezeeka, deni liko pale pale.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya mkesha, mwendee mtu mmoja tu uliyemkosea. Mtangulize mzee mnayemheshimu wote wawili, apeleke neno kwamba unakuja. Ukifika, litaje kosa kwa jina lake, na neno "lakini" liache nyumbani. Ukiwa na cha kurudisha, nenda nacho, au useme utakileta lini. Asipokujibu siku hiyo, usimkasirikie, wala usitangaze kanisani kwamba wewe umeshatimiza wajibu wako. Amebeba hilo jambo miaka, naye apewe muda.

Wewe uliyeumizwa, sikwambii urudi kwenye kipigo kwa sababu ni Krismasi. Mama anayepigwa anaweza kusamehe akiwa kwao, salama. Na aliyemdhuru mtoto anapelekwa kwenye sheria. Mambo hayo wazee wasiyamalize kwa mbuzi na soda. Nalisema kwa uchungu kwa sababu yapo.

Majirani zetu Waislamu, ambao wengi wetu ni damu moja nao, tunakula nao pilau kila sikukuu. Kama kuna tuliyemdhulumu huko, naye ana neno juu yetu, na anastahili safari ile ile.

Nawafikiria hasa mlioko Dar ambao mwaka huu hamji kwa sababu ya shamba lililouzwa bila ninyi kushirikishwa. Waliouza wako hapa, wanasoma salamu hizi. Kaka, dada mliouza, pigeni simu ninyi leo jioni, msisubiri wao waanze. Nauli ya basi bado inapatikana.

Heri ya Krismasi, na mwaka mpya wenye mvua ya kutosha.