Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2024/2025

Waheshimiwa walezi wa Chama chetu cha wanataaluma wa fani mbalimbali, ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa Katiba yetu ninawajibika kuwasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka, nami nafanya hivyo kwa Kiswahili kwa mara ya pili, kama nilivyopendekeza mwenyewe baada ya Baraza la Mawaziri la Uganda kuridhia, mwezi Julai 2022, kwamba lugha hii iwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walioguna mwaka jana nadhani wamekwisha kuzoea.

Shughuli za kawaida mnazijua, hivyo sitazirefusha. Tulifanya semina 4, mihadhara ya wazi 2 na ziara 3 za mafunzo, na kozi yetu ya pamoja ya uendelevu wa mazingira ilipata wanafunzi 46. Ziara iliyowagusa zaidi ilikuwa ya Kiteezi, ambako jaa la taka la Kampala, lililokuwa likitumika tangu 1996, liliporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Wanafunzi wa uhandisi walitazama mwinuko wa taka na maji ya mvua, wa sheria wakauliza ni nani aliyepaswa kulifunga mapema, na wa sosholojia wakawauliza waokotaji wa plastiki watakula nini baada ya hapo. Waliporudi darasani walibishana saa mbili bila mhadhiri kuingilia kati. Wazo la kuwachanganya katika basi moja lilikuwa langu, na lilipingwa kwa sababu ya gharama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, nikitazama viti vilivyojaa, naamini ndilo lililowaleta wengi wenu leo, nalo ni ruzuku ya utafiti.

Mwezi Novemba Kamati Tendaji ilipokea maandiko mawili ya kuomba ruzuku hiyo, yote kuhusu kinamasi cha Nakivubo, hapa Kampala. La kwanza liliandikwa na wenzetu wanne wa kemia, waliokusudia kupima metali nzito katika maji na katika magimbi yanayolimwa pale. Lilikuwa andiko safi. Nimelisema hilo hadharani na ninalirudia. La pili liliandikwa na mkemia mmoja, mwanasheria wa ardhi na mwalimu wa Kiswahili, waliotaka kujua, pamoja na vipimo, ni nani anayelima, kwa haki gani, na magimbi yanauzwa wapi. Bajeti yake ilikuwa na makosa ya kujumlisha ambayo mimi mwenyewe nilikesha usiku mmoja kuyasahihisha. Kura zilikuwa 3 kwa 3, nami nikatumia kura ya uamuzi kuliunga mkono andiko la pili. Wapo wanaodai kwamba nilipiga kura mara mbili. Kifungu cha 11 cha Katiba yetu kinampa Mwenyekiti kura ya uamuzi kura zinapolingana, wala hakisemi popote kwamba ili kuitumia imempasa kwanza kuacha kura yake kama mjumbe.

Imesemwa pia kwamba mratibu wa kikundi kilichoshinda alikuwa mwanafunzi wangu. Ni kweli, alikuwa mwanafunzi wangu, lakini hilo lilikuwa mwaka 2009, na katika vyuo vya nchi hii sijui ni mhadhiri gani ambaye hakuwahi kukaa darasani mwa mwenzake. Ningeombwa kujitoa ningejitoa, hakuna aliyeniomba.

Sababu yangu ilikuwa ya kitaaluma. Kinamasi cha Nakivubo hupokea maji ya mfereji unaokatiza katikati ya jiji pamoja na majitaka yaliyosafishwa Bugolobi, kisha huyatiririsha katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na ni katika ghuba hiyohiyo ambamo mitambo ya Ggaba huchota maji ambayo mimi na nyinyi tumeyanywa asubuhi ya leo. Mafunjo hukua kama mkeka unaoelea, mizizi yake ikining'inia majini na kufyonza naitrojeni na fosforasi, ilhali magimbi huhitaji udongo uliokaushwa, kwa hiyo mkulima huchimba vijifereji na maji machafu hupita mbio hadi ziwani bila kuchujwa ipasavyo. Haya wenzetu wameyaandika kwa zaidi ya miaka 20. Ardhi oevu ya Uganda, iliyokuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994, ilikuwa imebaki asilimia 8.9 kufikia 2019, na katika muda huo makabati yetu yamejaa tasnifu za vipimo. Kipimo cha metali ya risasi ndani ya gimbi, hata kiwe sahihi kiasi gani, hakiwezi kutueleza kwa nini mafunjo yanaendelea kung'olewa. Katiba ya nchi ya 1995, ibara ya 237, inaiweka ardhi oevu mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, lakini mama anayelima pale atakuambia kwamba ana kibanja, yaani kipande cha ardhi chenye haki ya kukaliwa, alikilipia, na aliyemuuzia yuko hai. Hilo ni swali la mwanasheria, na mwanasheria naye hawezi kumwambia mama huyo kilichomo ndani ya chakula anachowapa wanawe.

Kuhusu mwalimu wa Kiswahili, ambaye ushiriki wake umefanyiwa mzaha ambao sikuupenda, nitoe mfano mmoja. Katika majaribio ya hojaji huko Namuwongo, mtaa ulio kando ya kinamasi hicho, ambako wakazi wametoka kila upande wa nchi, watu waliulizwa kama wanalima katika ardhi oevu, na karibu wote wakakana, huku wengine matope yakiwa bado miguuni. Kwao pale ni shambani tu. Mwenzetu alilibadili swali, na majibu yakabadilika siku hiyohiyo. Hojaji iliyotafsiriwa ofisini ingetuletea takwimu nadhifu za uongo.

Kanuni ya fani tatu, yaani kwamba utafiti wa ruzuku uunganishe fani tatu, haikutoka mfukoni mwangu. Ilipitishwa na Mkutano Mkuu wa 2023, mbele ya wanachama 30, na wengi wa wanaoilalamikia leo hawakuwapo. Barua ya malalamiko niliyoipokea mwezi Januari ina sahihi 17, na 11 kati ya hizo ni za wanachama ambao hawajalipa ada. Majina siyataji, Mweka Hazina anayo.

Hapo naingia katika suala la mahudhurio. Mkutano wa Machi ulivunjika kwa kukosa akidi: walihitajika wanachama 28, wakafika 19, na mimi na Katibu tukabaki na birika za chai ya watu hamsini. Najua barabara ya Jinja saa za jioni ilivyo, lakini magari hayo hayakuwazuia kufika leo. Chama kina wanachama 84, ada ni shilingi 50,000, na waliolipa ni 31. Kwa hesabu hiyo tulianza mwaka na salio la shilingi 5,120,000, tukapata ada 1,550,000 na michango ya semina 640,000. Tukatumia 4,000,000 kwa ruzuku, 1,180,000 kwa usafiri, 870,000 kwa semina na 215,000 kwa uchapishaji na makato ya benki, na tumebaki na 1,045,000. Kiasi hicho hakitoshi kutoa ruzuku nyingine, iwe ya fani tatu au ya fani moja.

Kozi ya pamoja nayo inaendelea kwa kujitolea. Wahadhiri watatu hukaa darasani pamoja kwa kipindi kizima, lakini katika hesabu ya mzigo wa vipindi kila mmoja huandikiwa theluthi, na anapoomba kupandishwa cheo makala yenye waandishi kutoka idara tatu hukosa idara inayoikubali kuwa yake. Nimeandika barua tatu kuhusu jambo hili na nimejibiwa moja, iliyosema kwamba barua yangu imepokelewa.

Kwa mwaka ujao tunatumaini kuandaa mtaala wa shahada ya uzamili utakaopelekwa, hali ikiruhusu, katika Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kwa ajili ya ithibati. Tunatumaini pia kupata wafadhili, na huenda tukawa na jarida.

Mmeletewa pendekezo la kuifuta kanuni ya fani tatu, na litapigiwa kura baada ya mapumziko. Kifungu cha 7 kinamruhusu kupiga kura mwanachama aliyelipa ada peke yake. Orodha ya wadaiwa imebandikwa nyuma ya mlango, na Mweka Hazina atakuwa karibu na meza ya chai akipokea fedha taslimu au kwa simu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti