Programu isiyofunguka si mali

Mhariri,

Kampuni zinapotoa hesabu za mwaka, ukurasa wenu wa biashara huandika faida na gawio, basi. Naomba waandishi wenu washuke mpaka kwenye mstari wa mali zisizoshikika, kama vile programu za kompyuta. Hapo ndipo hasara hulala miaka bila kuamshwa.

Nilikuwa mhasibu wa kampuni moja ya usambazaji. Uongozi uliamua tujitengenezee programu ya kufuatilia mzigo kutoka ghalani hadi dukani. Kila mwisho wa mwezi nilichukua mishahara ya vijana wanne walioiandika, nikajumlisha na ankara za mshauri wao, nikaingiza yote kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, kama mali badala ya matumizi. Faida haikuguswa hata senti. Mwaka wa tatu vijana wawili wakaondoka, mshauri akawa hapokei simu, na madereva wakaendelea kuandika mzigo kwenye kaunta buku kama zamani. Vitabuni programu ilisomeka shilingi milioni 412.

Niliposema tuishushe thamani, nikajibiwa: "Acha mwaka huu upite, benki wanatuangalia." Nikanyamaza, na ukimya ule unaniuma mpaka leo. Mwaka uliofuata akaja mkaguzi mpya, binti mdogo. Akaniamkia, akakaa, akasema: "Mzee, naomba uifungue niione." Sikuwa na cha kufungua.

Kanuni zipo, na Tanzania inafuata viwango vya kimataifa vya uhasibu tangu 2004. IAS 38, kiwango cha mali zisizoshikika, inaruhusu gharama za kutengeneza programu ziwe mali pale tu kampuni inapothibitisha, pamoja na mengine, kwamba kazi inawezekana kitaalamu, uwezo wa kuimaliza upo na manufaa yatapatikana. Gharama za utafiti na za kufundisha wafanyakazi haziingii kabisa. IAS 36, kiwango cha kushuka kwa thamani ya mali, nayo inataka programu ambayo bado haijawa tayari kutumika ipimwe kila mwaka, hata kama hakuna dalili mbaya. Ikiwa thamani ya vitabuni imezidi kile inachoweza kurudisha kwa kutumika au kuuzwa, tofauti hiyo ni hasara ya mwaka huohuo.

Hata wakubwa yamewakuta. BBC ilisimamisha mradi wake wa kushughulikia vipindi kwenye kompyuta bila kanda mwezi Mei 2013, baada ya kumeza pauni milioni 98.4. Wabunge wa Uingereza wakawaita wahusika wajieleze hadharani.

Watu hudhani fedha hupotea siku programu inapofutwa vitabuni. Hapana, zilishatoka zamani, mshahara kwa mshahara, ankara kwa ankara. Kwetu, tulipofuta, gawio la miaka miwili lilikuwa limeshalipwa kutokana na faida ya kwenye makaratasi. Walioambiwa mwaka ule hakuna nyongeza ya mshahara walikuwa wapakiaji na madereva, walewale wa kaunta buku, ambao programu ile hawakuwahi kuiona.

Kwa hiyo, Mhariri, mwandishi wenu atakapokaa na mkurugenzi wa fedha, amuulize programu iliyomo kwenye mizania imeanza kutumika lini, na mara ya mwisho kupimwa thamani ilikuwa lini. Kisha aombe kama alivyoomba yule binti: ifunguliwe, aione.

Mhasibu mstaafu,
Mwanza