Kabla hujaishusha hiyo kayaki, soma hii kwanza

Idd kaka, habari za Tanga, habari za nyumbani, mama anaendeleaje na miguu? Sie huku Kunduchi wazima, watoto wako shule, shemeji yako anakusalimu sana anasema ule mchele umefika salama. Najua nimekaa kimya tangu mfungo, nisamehe, simu yangu ilikufa na nitakwambia ilikufaje manake ndo hicho hasa kilichonifanya nikae chini niandike barua nzima badala ya kukurushia vois.

Jana Mwalimu kanionesha picha yako. Kayaki nzuri sana ile, kimtumbwi cha plastiki cha njano, umekaa pale Raskazone na Shabani mbele yako kashika kafi, mnacheka wote wawili. Nikafurahi kwa kweli. Alafu nikaivuta picha kwa vidole nione vizuri. Jaketi okozi umelikalia kaka, umelifanya mto wa kiti. Shabani hana kabisa. Na pembeni ya kiti naona matundu mawili mapya ya kuchomekea rodi za kuvulia, yametobolewa na drili, nati zimekaa juu ya plastiki tupu bila mpira wowote. Nikashindwa kulala, nakwambia ukweli. Manake ile ni picha yangu mimi, imekosa mwamba wa kisiwa cha Mbudya tu nyuma yake.

Ilikuwa Jumapili baada ya Idi, alfajiri, bahari imelala kama kioo, nikasema nijipigie changu wawili watatu upande wa nje wa Mbudya nirudi kabla upepo haujaamka. Nami nilikuwa nimetoboa kama wewe, nikapaka silikoni nikaona basi. Nimefika, nimeshusha mshipi, kwenye saa tatu nikaanza kuona chombo kimekuwa kizito. Sio kwamba kinazama, hapana, juu kinaonekana kilekile, ila ukipiga kafi hakiendi, na ukiegemea kidogo kushoto kinaendelea kwenda kushoto chenyewe, kinachelewa kurudi. Hiyo ndo dalili Idd, ishike. Maji yakishaingia tumboni hayatulii, yanakimbilia upande ulioegemea, na ukigeuka yanakufuata. Nikageukia nyuma kuchukua chambo, mara niko majini.

Kuogelea unanijua. Lakini kila nikiipandia ilinibingirikia, mara nne, mara ya tano mikono ikakataa. Kafi nilikuwa sijaifunga, nikaiona inakwenda zake na maji ya kupwa, taratibu tu, kama haina haraka na kitu. Simu ikawa mfukoni. Nilichokuwa nacho ni jaketi mwilini, nimelifunga zipu mpaka juu, na sababu pekee ya kulifunga siku ile ni kwamba mama Rehema alinisimamia mlangoni. Nimekaa majini hapo mpaka ngalawa moja ya Ununio ikapita, wazee wawili na kijana, wakanivuta, kayaki wakaifunga nyuma, pua tu ndo iko juu. Tulipofika pwani nikafungua kizibo cha nyuma, yakatoka maji, yakatoka, kijana akawa anasema hii kweli ilikuwa na nafasi ya yote haya?

Sasa hapo ndo penyewe. Watu wote, na mimi nilikuwa hivyohivyo, tunaona kayaki imefungwa pande zote tunasema hii haizami. Kinachoibeba ni hewa ya tumboni tu. Plastiki yenyewe ni nyepesi kuliko maji kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo ikijaa inaning'inia palepale chini ya uso wa maji, haiwezi kumbeba mtu. Na hewa ni nzuri mpaka ipate pa kutokea. Unakumbuka MV Bukoba, Mei 1996, tulivyokuwa tunasikiliza redio kwa babu? Ile meli ilipinduka ikabaki inaelea tumbo juu kwa hewa iliyonasa ndani, watu wengine wako hai humo, walipoitoboa wawatoe hewa ikatoka na meli ikaenda chini. Siku ile sikuelewa. Nimeelewa Mbudya.

Kwa hiyo tumbo unalijaza kitu ambacho maji hayawezi kuchukua nafasi yake. Hesabu yake rahisi: kila lita moja ya nafasi unayoyanyima maji inakubebea kama kilo moja. Kuna yale mapovu marefu ya rangirangi watoto wanayochezea kwenye bwawa la kuogelea, la kwangu lina urefu wa mita moja na nusu na unene wa sentimita 6 na nusu, lina katundu katikati, nikapiga hesabu linatoa lita 4 na nusu hivi. Nikaingiza 12 kupitia mfuniko wa mbele, hizo ni kama kilo 54. Kama mfuniko wako mdogo yakate nusu. Sita mbavu ya kushoto, sita ya kulia, yamebanana na yamefika mbele na nyuma. Usiyarundike nyuma yote, maji yakiingia pua itakwenda chini na chombo kisimame kama chupa. Wale wazee wa Ununio waliponiona nafanya hivyo wakacheka wakasema sisi nyavu zetu tunazishikilia na kandambili mbovu miaka yote hii, ni kitu kilekile. Na ni kweli, povu la ndala ni lilelile lisilonyonya maji. Ila lile jeupe linalofungiwa televisheni achana nalo, linamung'unyika, na likikutana na petroli linayeyuka.

Nikaijaribu. Maji ya kiunoni hapa Kunduchi, nikafungua kizibo makusudi ikanywa mpaka ikashiba, nikapanda. Ilizama maji yakanifika kiunoni nimekaa, lakini ikabaki sawa, haikubingirika, nikapiga kafi mpaka kwenye ngalawa za watu na kurudi. Nusura nilie pale, Idd.

Turudi kwenye jaketi. Hayo yetu ya kuvulia mengi yameandikwa 50N, yaani nyutoni 50, ndo nguvu ya kukuinua kama kilo 5, na inatosha kwa anayejua kuogelea manake mwili wenyewe karibu unaelea. Lakini ukilikalia kila siku povu lake linalala, halirudi, siku ukilivaa limebaki kitambaa. Libonyeze, kama limekuwa bapa au gumu litupe. La Shabani liwe la kilo zake, liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, mvalishe mfunge kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi, likimpanda mpaka masikioni ni kubwa, usikubali.

Hayo mengine unayajua ila nayasema: kafi ifungwe kamba, filimbi na kisu viwe kwenye jaketi sio kwenye boksi, manake ukipinduka boksi linaondoka na mshipi unakuzonga miguu. Simu kwenye mfuko usiopitisha maji, ining'inie kifuani. Bendera ya chungwa nyuma, boti za faiba haziwaoni watu waliokaa chini hivyo. Nanga usiifunge ubavuni hata siku moja, mkondo utakulaza. Na hayo matundu ya rodi yafungue, weka mpira na washa pana, kile kisahani cha kukalia nati, kwa ndani, silikoni peke yake inabanduka kwa jua.

Nimenunua mapovu 14, Alhamisi nayapakia kwenye basi, ukapokee stendi ya Kange. Nakuomba usishuke kabla hayajafika. Kusi hiyo inanusanusa, najua unataka uwahi kisiwa cha Yambe kabla bahari haijachafuka, lakini nakuomba.

Niambie basi, mfuniko wako wa mbele una upana gani? Kizibo cha nyuma kipo au ulinunua bila? Ulishawahi kuitikisa ukasikia maji ndani baada ya kutoka baharini? Shabani ana kilo ngapi sasa, na anaweza kuelea mwenyewe au bado anashika shingo yako? Na huyo aliyekuuzia, alikwambia kwa nini anaiuza? Namba yangu ni ileile, simu ni ya mama Rehema mpaka mwisho wa mwezi, piga jioni.

Nduguyo,
Hamisi